Damu Haipungui Bila ya Sababu

Mtu akilalamika kuwa kichwa chamzunguka, moyo wamwenda mbio na ngazi chache zamshinda kupanda, jirani humwambia: "Huna damu, kanunue dawa ya kuongeza damu." Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini aghalabu ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika mambo ya afya yaweza kuua.

Yafaa ieleweke kwamba upungufu wa damu ni alama ya maradhi mbalimbali. Mmoja amekosa madini ya chuma kwa chakula duni. Wa pili ananyonywa na minyoo ya safura. Wa tatu chembe zake nyekundu zavunjwa na malaria. Wa nne amezaliwa na selimundu. Wanne hawa hawatibiki kwa chupa moja.

Sisi wa Visiwani tunao ushahidi wa karibu. Uchunguzi wa Pemba, ambao utoaji wake wa chuma ulisitishwa 2003 na matokeo yakatangazwa 2006, ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa chuma na foliki asidi bila ya kupimwa kwanza, mahali palipojaa malaria, walizidi wenzao kwa asilimia 12 kufa au kulazwa hospitali. Lakini waliopungukiwa na chuma kwa yakini, wakapimwa na kutibiwa malaria, walinufaika. Dawa ni ile ile. Tofauti ni kipimo.

Asitokee mtu akaitumia hoja hii kumkataza mjamzito vidonge vya kliniki. Huyo avimeze kila siku, kwani mwili wake walisha wawili. Choo kikigeuka cheusi si sumu, ni chuma. Nao waume, badala ya kusikiliza uvumi barazani, wahakikishe wake zao wanafika kliniki mapema, wanalala ndani ya chandarua, na kwamba samaki na maini hayaishii sahani ya baba. Chai inywewe mbali na mlo na vidonge, maana huzuia chuma. Ndimu na machungwa husaidia. Ama soda nyekundu, rangi yake haigeuki damu.

Viongozi nao wana deni. Kituo cha afya kisicho na kipimo cha damu humlazimisha tabibu kubahatisha. Kila kamati ya shehia na iulize: kipimo kipo, na kinafanya kazi? Jibu likiwa hapana, suala hilo litangulie ajenda nyingine zote.