Mionzi Hudumu Kuliko Mgodi
Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, ulinzi wa vyanzo vya mionzi unapaswa kudumu kuliko migodi yenyewe. Mitambo ya kuchenjua madini huweza kutumia seziamu-137 kupima uzito wa tope mabombani, chini ya leseni na ukaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC). Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulizalisha kuanzia 2009 hadi 2021; seziamu huchukua miaka 30 kupungua nusu.

Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, seziamu iliyoachwa katika kliniki iliyohama iliishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Watu wanne walifariki. Kwa kuwa jicho halioni mionzi, vifaa vya kuibaini vinahitajika mipakani, kwenye mageti ya migodi na hata penye mizani ya chuma chakavu.