Gari la Dizeli la Familia: Tulilipima kwa Safari ya Kilwa

Mama mpendwa, mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo katika nyumba nyingi huachiwa baba peke yake: kununua gari. Mama ndiye anayejua nani hutapika njiani, nani ana magoti mabovu, na fedha zilizomo ndani zimetengwa kwa kazi gani. Basi naye aulizwe.

Shemeji alikuwa anauza gari la dizeli la watu wanane, la mwishoni mwa miaka ya 1990. Baba alilipenda mara moja. Lakini fedha zilizokuwapo zilikuwa za kuezekea nyumba. Tukakubaliana tuliazime kwanza, twende nalo kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko, watoto wakaone magofu ya Songo Mnara, ndipo tuamue.

Kwa raha, hatukuwa na la kulaumu. Mlango wa kusukuma uko upande wa kushoto, hivyo watoto hushukia pembeni mwa barabara, si katikati ya magari. Mama mkwe alipanda bila kuinuliwa, akanyoosha miguu. Chakula, madumu ya maji na mikeka vilienea nyuma. Kasoro ni moja: magari mengi ya namna hii injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo aketiye mbele husikia joto na ngurumo. Mtoto mdogo asikalishwe hapo.

Dizeli nayo ina sifa ya kwenda mbali kwa mafuta kidogo. Usikubali maneno matupu, pima mwenyewe. Jaza tenki, andika kilometa, safiri, kisha ujaze tena. Ukitembea kilometa 300 na kujaza lita 30, basi lita moja imekupeleka kilometa 10.

Tulivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Mama mkwe akawasimulia watoto jinsi zamani watu walivyosubiri pantoni pale Ndundu. Tulipokaribia Somanga, ambako barabara ilikatika kwa mafuriko ya kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024, mama mkwe akauliza mbona mshale wa joto umepanda. Baba akasema tutafika tu. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, simamisha." Tukasimama.

Tulizima injini, tukakaa chini ya mwembe mpaka ikapoa kabisa. Mama, kumbuka hili: kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji huruka yakichemka na kumuunguza mtu uso. Ilipopoa tulikuta maji yamepungua sana. Tukaongeza, tukaenda polepole, tukafika Masoko jioni.

Kesho yake tulipata kibali cha mambo ya kale, tukapanda mashua. Gari lilibaki Masoko, maana baharini halina kazi. Maji yalikuwa yamekupwa, tukashuka na kutembea kwenye tope la mikoko, viatu mkononi. Songo Mnara ni mji wa karne ya 14 hadi ya 16: jumba kubwa, misikiti, na nyumba nyingi za mawe ya matumbawe. UNESCO iliuweka pamoja na Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ukaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, ukatolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyategemeza magofu. Binti yetu akauliza kwa nini kuta nyingine zimesimama na nyingine zimeanguka. Mwongozaji akajibu kwamba ukuta usiotazamwa huliwa na mvua, mizizi na bahari. Baba alinyamaza.

Tuliporudi Dar, tulimwita fundi asiyemjua shemeji. Alifungua rejeta injini ikiwa baridi, akaiwasha, tukaona mapovu yasiyokoma. Maana yake hewa ya silinda inapenya kwenye maji: ama gasketi imeungua, ama silinda hedi imepasuka. Injini za dizeli za umri huo zikichemshwa mara kwa mara hufikia hapo, na matengenezo yake ni ghali.

Tulimrudishia shemeji gari lake kwa shukrani na kumweleza ukweli. Alinuna wiki mbili, kisha akalitengeneza. Sisi tumeezeka.

Mama, kabla fedha hazijatoka, angalia haya:
- Gari liwashwe asubuhi likiwa baridi. Moshi wa bluu maana yake linakula oili. Moshi mweusi mzito huashiria nozeli mbovu au chujio chafu la hewa.
- Uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini.
- Kila kiti kiwe na mkanda wa usalama unaofunga.
- Fundi awe wako, si wa muuzaji.

Raha ya viti huonekana siku ya kwanza. Afya ya injini huonekana njiani, watoto wakiwa ndani. Tuipime kabla.