Tarehe Inajulikana, Mbona Kiti Kiwe Wazi?

Marehemu Wafula Chebukati aliposhika uenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya Kenya (IEBC) Januari 2017, siku yake ya kuondoka ilikuwa imeshaandikwa. Muhula ni miaka sita, hauongezwi. Januari 2023 ikafika, akatoka pamoja na makamishna Boya Molu na Abdi Guliye. Makamishna wanne waliopingana nao hadharani juu ya matokeo ya urais ya Agosti 2022 nao waliondoka kabla au muda mfupi baadaye: watatu walijiuzulu, mmoja akaondolewa kwa uamuzi wa jopo lililoongozwa na jaji. Tume ikabaki na wafanyakazi, magari na nembo, bila kamishna hata mmoja, mpaka Julai 2025.

Mimi ni mpiga kura wa Magarini, huku Pwani, na machungu ya pengo hilo nimeyaonja. Mwaka 2022 kiti chetu cha ubunge kiliamuliwa kwa tofauti ya kura 21. Kesi ikaanza Malindi, ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2024 ikathibitishwa kwamba uchaguzi ule ulikuwa batili. Kikatiba, kiti cha ubunge kikiwa wazi Spika anaiarifu tume ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo unafanyika ndani ya siku 90. Sasa Spika amwandikie nani? Tulikaa hivyo hadi tarehe 27 Novemba 2025.

Banissa, kule Mandera, walitaabika kuliko sisi. Mbunge wao alifariki Machi 2023 na uchaguzi wao ukafanyika siku ile ile moja na wetu, zaidi ya miaka miwili na nusu baada ya mazishi. Juni 2024 wabunge walipopigia kura Mswada wa Fedha, ule uliowatoa vijana barabarani nchi nzima, watu wa Banissa walitozwa kodi kama Wakenya wengine lakini hawakuwa na wa kuwasemea wala wa kumlaumu.

Huambiwa kwamba siasa ndizo zilizochelewesha. Ni kweli jopo la kwanza la uteuzi lilitajwa Februari 2023, likasimama kupisha mazungumzo ya Bomas kati ya serikali na upinzani, sheria mpya ikatiwa saini Julai 2024, na jopo jipya likaapishwa Januari 2025. Mazungumzo yale siyapingi hata kidogo. Tume isiyoaminiwa na upande mmoja haina faida. Ninachopinga ni wakati wake. Sheria ya tume inataka jopo liundwe angalau miezi sita kabla ya muhula kwisha, yaani mwisho kabisa Julai 2022. Julai ile wakubwa wote walikuwa kwenye kampeni, na hakuna aliyegusa jambo hilo. Wangekuwa na haja ya kuzozana juu ya jopo, wangezozana makamishna wakiwa bado ofisini.

Mwaka 2023, tume ilipobaki tupu, tuliona kwamba serikali ikitaka huweza. Dkt Patrick Njoroge alikuwa anamaliza miaka minane kama gavana wa Benki Kuu mwezi wa Juni. Nafasi ilitangazwa mapema, watu wakaomba, wakahojiwa, Bunge likampiga msasa Dkt Kamau Thugge, naye akaapishwa mwezi ule ule mwenzake alipotoka. Soko la fedha halikukosa gavana hata wiki moja. Mpiga kura wa Magarini naye anastahili uangalifu kama huo.

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa masjala katika ofisi za serikali hapa Pwani, kwa hiyo jambo hili nimeliona pia kwa upande wa ndani. Katika ofisi moja mkuu wetu alistaafu, na mwezi wake tuliujua sote kwa sababu tulichanga pesa za karamu ya kumuaga. Barua ya mrithi haikuja. Naibu wake akaandikiwa kukaimu. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inaruhusu kukaimu kwa miezi isiyozidi sita. Yeye alipitisha mwaka. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, lakini kila faili lenye uzito lilirudi masjala na maandishi yake ya wino wa bluu pembeni: lingoje mwenye kiti. Mama mmoja mjane, aliyekuwa akifuatilia malipo ya mumewe, alikuwa akija kila mwisho wa mwezi. Akinisalimia, ananiuliza, “Mwanangu, huyo mwenye kiti hajafika?” Namwambia bado, mama. Kaimu aliogopa kutia saini jambo ambalo mkuu mpya angeweza kulikataa na yeye akaulizwa.

Matangazo ya nafasi za kazi nayo! Yalikuwa yakiletwa na dereva ndani ya bahasha ya kaki, nami nikiyagonga muhuri wa kupokea. Mara nyingi tarehe ya muhuri wangu ilikuwa baada ya tarehe ya mwisho ya kutuma maombi. Hata hivyo tuliyabandika kwenye ubao wa kioo nje ya ofisi, kwa Kiingereza kitupu, ilhali ibara ya 7 ya Katiba inataja lugha rasmi mbili. Wazee wa kijiji walisimama pale na kofia zao mkononi wakimsubiri kijana wa shule apite awasomee.

Asidhani mtu kwamba tangazo ni karatasi tu. Juni 2025 makamishna wapya wa IEBC walitangazwa katika gazeti rasmi la serikali ilhali amri ya mahakama ilikuwa inazuia. Tarehe 10 Julai majaji watatu wa Mahakama Kuu walikubali uteuzi wenyewe lakini wakalifuta tangazo. Likachapishwa upya, na kesho yake mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon, na wenzake wakaapishwa. Baada ya miaka miwili na nusu ya kungoja, haraka ya siku chache ndiyo iliyotaka kututia tena mashakani.

Ningependa kila wizara, tume na bodi ya umma ichapishe kila Januari orodha ya viongozi wake: nani muhula wake unakwisha lini, nani anakaimu na tangu lini, na nafasi itatangazwa mwezi gani. Ichapishwe kwa Kiswahili na Kiingereza, isomwe kwenye redio za mashinani, na chifu aisome barazani. Kaimu akipitisha miezi sita, waziri husika aitwe mbele ya kamati ya Bunge aeleze.

Na orodha hiyo ianze na jina la Bwana Ethekon. Aliapishwa Julai 2025, muhula ni miaka sita. Jopo la kumtafuta mrithi wake linapaswa kuwa limeundwa ifikapo Januari 2031.