Ushirika uliovunjwa nao unastahili kibao

KILA ifikapo Mei 21, watu huwakumbuka waliozama na mv Bukoba mwaka 1996, na kule Igoma, Mwanza, yapo makaburi na mnara wao. Kaboya, wilayani Muleba, wamezikwa askari waliokufa katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979. Kumbukumbu hizo ni za haki, na hakuna anayeuliza zina faida gani.

Lakini Bukoba na Muleba zimepoteza pia vitu ambavyo havikuacha kaburi. Kimojawapo ni chama kikuu cha wakulima wa kahawa, kilichoanza mwaka 1950 kwa jina la Bukoba Native Cooperative Union. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vyote nchini, na ununuzi wa kahawa ukahamia kwenye vijiji na Mamlaka ya Kahawa. Mkulima aliyekuwa mwenye chama akabaki muuzaji tu.

Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na mwaka 1990 kazi ikagawanywa: KCU kwa upande wa Bukoba na Muleba, KDCU kwa Karagwe. Miaka michache baadaye soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, hadi mwaka 2018 ilipoagizwa kahawa yote ipitie tena kwenye vyama.

Kijana wa Kamachumu anayejiunga na AMCOS leo ameliona agizo hilo la mwisho tu. Kwake ushirika ni kitu kilicholetwa na Serikali, kama ushuru. Hajui kwamba mwaka 1937, enzi za Mwingereza, wakulima wa Bukoba walizusha vurugu kupinga kanuni za kutunza mibuni walizoona wanalazimishwa. Hajui kwamba kuuza kwa pamoja lilikuwa dai la babu zake.

Kutojua huko kuna gharama. Mwanachama anayeamini chama ni chake huhudhuria mkutano mkuu, huuliza hesabu na huangalia mizani. Asiyeamini hukaa nyumbani, na akibanwa na ada ya shule huuza butura, kahawa ikiwa bado maua, kwa bei anayoitaka mwenye fedha.

Wapo watakaosema kibao hakilipi ada. Ni kweli. Dawa ya butura ni mkopo wa bei nafuu na malipo yanayofika kwa wakati. Lakini hata mkopo huo hupitia chama, na chama kisicho na wanachama wanaokilinda ni rahisi kuvunjwa mara ya pili, iwe kwa amri ya juu au kwa wizi wa ndani.

Kibao chenyewe si mradi mkubwa. Nguzo mbili, saruji na bati lililoandikwa vizuri havizidi thamani ya magunia machache ya maganda. Kimoja kiwekwe Bukoba mjini, kingine bandari ya Kemondo, ambako kahawa ilipakiwa kuvuka ziwa kwenda Mwanza, na kila chama cha msingi kiweke chake kwenye ghala la zamani. Halmashauri, zinazokusanya ushuru wa kahawa kila msimu, zinaweza kuchangia.

Mfano wa karibu upo. Katuruka, Bukoba Vijijini, historia ya kufua chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita imewekewa eneo la kumbukumbu, na wageni hufika kuitazama.

Hata hivyo, kibao kisiwe cha kusifu tu. Kiseme chama kilianza lini, kilikuwa na mali gani, nani alikivunja na mali ilikwenda wapi. Kama wazee wa mahali hapo wanakumbuka mizani iliyopunja au malipo ya pili ambayo hayakufika, hayo nayo yaandikwe. Mwanachama mpya atajifunza zaidi kutokana na kosa lililoandikwa wazi kuliko sifa kumi.

Muda haupo mwingi. Karani aliyekuwa na miaka 25 chama kilipovunjwa mwaka 1976 sasa amevuka miaka 70, na daftari nyingi za wakati huo zimekwisha kuliwa na mchwa. Vyama vya msingi viweke ajenda hii katika mkutano mkuu kabla msimu haujafunguliwa, na viwaite wazee hao waeleze wakiwa bado wapo.