Michezo ya Wasichana wa Singida Ipatiwe Mwandishi

Kila unapowadia msimu wa UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya skuli za sekondari, magazeti yetu huchapisha habari inayofanana mno na ile ya mwaka uliotangulia. Tunaarifiwa kwamba mgeni rasmi amefungua mashindano, amewahimiza vijana kuzingatia nidhamu na amewashukuru walimu. Aya tano ni za mgeni rasmi. Msichana aliyewashinda wenzake katika mbio za mita 1,500 hapati hata mstari mmoja, wala muda aliokimbia haujulikani.

Safu hii leo inautazama Mkoa wa Singida, na wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wasistaajabu. Singida ni ardhi ya wakimbiaji. Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, ni mzaliwa wa huko. Miaka 20 kabla yake, mjini Helsinki, binti wa Singida, Zakia Mrisho, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 14 na sekunde 43.87, akawa wa sita duniani. Tirunesh Dibaba wa Ethiopia, aliyeshika nafasi ya kwanza, alimtangulia kwa muda usiotimia sekunde sita. Bila shaka mkoa uliotoa watu wa kiwango hicho una wengine madarasani hivi sasa. Swali letu ni moja tu: nani anawaandika?

Jawabu ni kwamba hakuna aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari moja moja inayochapishwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kulaumiwa akiikimbilia mechi ya ligi kuu ya wanaume, kwani anajua itachapwa. Kumwambia atoke Singida mjini aende Itigi kuangalia netiboli ya wasichana, kisha siku ya pili awe Nduguti, ni kumwambia atumie nauli yake mwenyewe kwa habari ambayo mhariri ataitupa. Huo ndio ukweli wa chumba cha habari, nasi tulio ndani ya kazi hii tunaufahamu vyema.

Hasara yake haionekani kwa siku moja. Mtu akitaka kujua nani aliongoza kurusha mkuki kwa wasichana wa Singida miaka mitano iliyopita, aghalabu ataelekezwa kwa mwalimu wa michezo. Mwalimu akihamishwa, daftari limeondoka naye. Msichana naye akimaliza kidato cha nne hana karatasi ya kumwonesha kocha, wala klabu, wala jeshi linalotafuta wanamichezo, wala mzazi anayeuliza michezo hiyo itamfikisha wapi. Ikumbukwe kwamba medali ya fedha iliyoletwa na Theresia Dismas kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965 ilikuwa ya mkuki. Nchi yetu ilianza kuheshimiwa viwanjani kwa mkono wa mwanamke, na hadi leo binti wa sekondari anayerusha mkuki hana mwandishi.

Huko Marekani, ambako hatulazimiki kuiga kila jambo, sheria ya mwaka 1972 ilizuia ubaguzi wa kijinsia katika skuli zinazopata fedha za serikali. Wasichana wanaocheza katika sekondari walikuwa hawafiki laki tatu. Leo wamepindukia milioni tatu. Magazeti ya miji midogo huko huajiri mtu wa kufuatilia michezo ya skuli na kuchapa matokeo yake. Hapa kwetu, timu ya wasichana ya Fountain Gate ya Dodoma, majirani wa Singida, ilitwaa ubingwa wa soka wa skuli za Afrika mjini Durban mwaka 2023. Kombe lilipokwisha kuchukuliwa, kila gazeti lilikuwapo.

Kwa hiyo tunasema: gazeti lolote linalodai kuuhudumia mkoa ule liajiri mwandishi, kwa mshahara na nauli, ambaye kazi yake ni michezo ya wasichana wa sekondari. Awe mwanamke au mwanamume, si hoja. Hoja ni kwamba ajue kusoma saa ya kupimia mbio, aandike muda na umbali, jina la skuli na kidato. Asisafiri katika gari la msafara wa viongozi wala asipokee bahasha ya mtu. Asieleze maumbile ya mchezaji, na neno "warembo", ambalo tumechoka kulisoma katika habari za netiboli, alisahau kabisa. Hawa ni watoto wa watu. Picha zao zichapwe kwa idhini ya wazazi na walimu.

Wapo wazazi, Singida na hapa visiwani, wanaohofia stara. Hofu yao ni ya haki na isidharauliwe. Lakini tangu mwaka 2014 sheria za soka duniani zinaruhusu mchezaji kufunika kichwa, na mwandishi mwenye adabu atawasaidia wazazi hao kuliko uvumi wa mitaani.

Serikali haiombwi kumlipa mwandishi huyu, na tungesikitika kama ingemlipa. Inaombwa jambo dogo: maofisa michezo wa mkoa na halmashauri watoe matokeo kamili ya wasichana jioni ya siku ileile, kwa maandishi.

Na sisi wa visiwani tusijione tuna afadhali. Mwaka 2007 ilitoka filamu iitwayo Zanzibar Soccer Queens, inayohusu timu ya wanawake ya hapa, Women Fighters. Aliyeitengeneza, Florence Ayisi, ni mzaliwa wa Kameruni afanyaye kazi Uingereza. Mgeni alivuka bahari kuja kutusimulia habari za binti zetu, ilhali ofisi zetu za habari ziko mwendo wa baiskeli kutoka uwanjani.

Nafasi hiyo ya kazi itangazwe kabla ya UMISSETA ijayo ngazi ya mkoa. Waombaji wapelekwe uwanjani asubuhi wakiwa na daftari na saa, na atakayerudi jioni na majina yote ya washindi, bila hotuba ya mgeni rasmi, ndiye aajiriwe.