Leza au asidi kwa uso uliochomwa na jua?

Swali hili huulizwa sana siku hizi, na wanaouliza si kina dada wa mjini peke yao. Hata huku Wema, karibu na Garsen, ambako mtu huamkia shamba la mpunga na kurudi jua likizama, kina mama wananiuliza: "Mwanangu daktari, kati ya ile dawa ya kubambua uso na ile taa ya leza, ipi itaniondolea haya madoa?" Simu imefika kila mahali, na matangazo ya kliniki za urembo za Mombasa na Nairobi yamefika nayo. Mara nyingine ni binti aliye kazini Saudia anayetuma pesa ili mama akasafishwe uso.

Kabla ya kujibu, mimi huuliza: tunazungumzia uso wa nani?

Shika barabara ya Malindi na kabla ya adhuhuri utakuwa umekutana na wazee wa Kiitaliano waliostaafu wakaja kuishi ufuoni. Nyuso zao zina makunyanzi mengi, mishipa midogo myekundu na madoa ya kahawia. Juu ya masikio na pua huota magamba makavu ambayo daktari hathubutu kuyapuuza, kwa sababu mengine hugeuka kuwa saratani. Mama wa Wema aliyelima miaka thelathini chini ya jua hilo hilo bado ana mashavu laini. Amekingwa na melanini, ile rangi ya ngozi tuliyojaliwa. Lakini rangi hiyo hiyo ndiyo inayomsumbua, maana hujikusanya mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, ikawa mabaka meusi. Mimba na baadhi ya dawa za kupanga uzazi huyazidisha. Sasa, ndugu msomaji, fahamu kwamba sehemu kubwa ya matibabu haya yalibuniwa kwa ajili ya yule mzee wa Malindi.

Tuanze na asidi. Kubambua ngozi si jambo geni pwani. Bibi harusi wa Lamu au Mombasa husuguliwa kwa singo mpaka ngozi kuukuu ikatoka. Singo husugua, lakini asidi huyeyusha kile kinachozishikanisha chembe za ngozi ya juu. Daktari Paul Gerson Unna wa Hamburg, Ujerumani, alikwisha kuandika juu ya dawa za namna hii mwaka 1882, kwa hiyo anayekuambia ni uvumbuzi wa jana anakudanganya. Asidi laini, kama ya glikoliki ambayo hupatikana pia katika miwa, au ya salisiliki, hufika ngozi ya juu tu. Uso hukauka, hubambuka kwa siku chache, kisha kazi hurudiwa baada ya wiki mbili hadi nne, pengine mara nne au sita kwa jumla. Zile kali huenda chini zaidi. Kali kuliko zote ni fenoli, ambayo huweza kuvuruga mapigo ya moyo wakati inapopakwa, na huweza kumwachia mtu mweusi uso uliopauka daima. Ukiambiwa habari ya fenoli na rangi yako ni kama yangu, chukua mkoba wako uondoke.

Leza nayo ni mwanga wa rangi moja uliokusanywa ukawa na nguvu. Theodore Maiman aliiwasha ya kwanza huko California mwaka 1960, na haikuchukua miaka mingi madaktari wa ngozi wakaanza kuijaribu. Kwa kazi yetu ya leo zipo za namna mbili. Ya kwanza, ile ya kabonidayoksaidi, hulenga maji yaliyomo ndani ya ngozi na kuichoma tabaka la juu ili ngozi mpya iote. Kwa makunyanzi ya ngozi nyeupe ni dawa hasa. Kwetu sisi, kumbuka jinsi chunusi moja au mbu mmoja anavyoweza kukuachia alama nyeusi ya miezi mitatu, kisha fikiria uso mzima uliochomwa.

Ya pili hutafuta rangi. Mwanga hupita, ukikutana na doa jeusi unalipasha moto na kulivunja. Rox Anderson na John Parrish wa Boston walieleza kanuni hiyo mwaka 1983, na ni kanuni nzuri sana kwa doa jeusi juu ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi ni kama kumtuma mtu usiku akamtafute mbuzi mweusi kati ya mbuzi weusi. Leza haijui doa liko wapi na mashavu yenyewe yako wapi. Ipo aina iitwayo Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1,064, ambayo melanini huinyonya kidogo, na kwa hiyo ni salama zaidi kwetu. Hata hiyo ikitumiwa kwa mabaka haya, mara nyingi hurudi baada ya miezi michache, na wapo walioachiwa vitone vyeupe mahali palipokuwa na weusi. Kabla ya kulipa, muulize mwenye mashine ni leza ya aina gani na amewatibu watu wangapi wa rangi yako. Akianza kukuonyesha picha za wanawake wa Ulaya, umekwisha kujibiwa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwa makunyanzi ya ngozi nyeupe, leza hushinda. Kwa mabaka meusi juu ya uso mweusi, nachagua asidi laini mkononi mwa daktari aliyesomea. Gharama yake ni ndogo, haihitaji mashine ya mamilioni, na ikienda mrama jeraha huwa dogo. Najua wenzangu wa mjini waliokwisha kununua mashine hawatafurahi.

Na hata hiyo asidi siianzi kabla ya kuuliza umekuwa ukijipaka nini. Mama mmoja wa huku, mwenye miaka hamsini na kitu, alinijia na pesa za leza zilizochangwa na wanawe. Nilipoutazama uso wake mwangani, mabaka yalikuwa ya weusi wa kibuluu, yenye vipele vidogo kama mayai ya samaki. Jua peke yake halifanyi hivyo. Alikuwa amejipaka krimu ya kung'arisha kutoka sokoni kwa miaka kumi, na kila mabaka yalipozidi naye akazidisha krimu. Ni haidrokwinoni inayofanya hivyo ikitumiwa kwa miaka mingi. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza ugonjwa huo mwaka 1975, na nchi hiyo ikaipiga marufuku dawa hiyo katika vipodozi mwaka 1990. Kenya ilipiga marufuku krimu na sabuni za namna hii mwaka 1998, lakini tembea sokoni uone. Za zebaki ni mbaya zaidi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la Uingereza juu ya watu wazima waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki.

Uso ulioharibiwa hivyo ukiumwagia asidi au ukiupiga leza ovyo, unaongeza kidonda juu ya kidonda. Mama yule tulimpima mkojo, tukashukuru figo zilikuwa salama. Krimu aliiacha. Baada ya mwaka mmoja mabaka yamefifia kidogo tu, na sikumwahidi zaidi ya hapo.

Kisha kuna jua lenyewe. Huku tuko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, na hakuna mwezi ambao jua letu ni hafifu. Atakayebambuliwa uso Mombasa siku ya Ijumaa na Jumatatu akarudi mpungani kichwa wazi ametupa pesa zake mtoni Tana. Kofia pana ya miyaa inafaa kuliko mambo mengi niliyoyataja, na wafumaji tunao. Mafuta ya kujikinga na jua yawe ya kiwango cha 30 au zaidi, na kwa mwenye mabaka yawe yale yaliyotiwa rangi ya kahawia, kwa sababu hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho huzidisha weusi huo. Mafuta meupe hayauzuii vizuri.

Mafuta hayo hayo kuna watu ambao kwao si urembo. Mtoto mwenye ualbino wa Wema au Garsen hana ile melanini. Ngozi yake huzeeka mapema mno, na yale magamba niliyoyaona masikioni mwa wazee wa Malindi nimeyaona kwake kabla hajamaliza shule. Kwake kazi ni kugandisha magamba kwa naitrojeni ya maji au kuyakata mapema, na mikono mirefu kila siku. Moshi, nchini Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko katika hospitali ya KCMC hutengeneza mafuta ya Kilisun mahsusi kwa watu hawa. Hapa Kenya, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuyatoa mafuta ya jua bure kupitia hospitali. Mzazi asiyejua pa kuanzia aulize ofisi ya baraza hilo katika kaunti, na asisubiri mpaka kidonda kitokee.