Ufahamu Usiofahamu

Lipo zoezi katika shule za sekondari za Tanzania liitwalo ufahamu. Kifungu cha habari chenye aya tatu au nne za Kiingereza huwekwa mbele ya mwanafunzi, maswali matano au kumi hupangwa chini yake, na mwanafunzi huamriwa ayajibu kwa sentensi zilizo kamili. Mwanafunzi hulitazama swali, huokota ndani yake neno moja au mawili, huyasaka maneno hayo katika kifungu kama mtu amtafutaye kuku wake sokoni kwa kutazama kamba iliyofungwa mguuni, na akiisha kuyaona huinakili sentensi nzima pamoja na nukta yake. Mwalimu hupiga alama ya vema. Hapo husemwa kuwa mwanafunzi amefahamu, naye huvuka kidato hata kidato kwa ushahidi huo.

Ushahidi huo ni wa uongo. Mwenye shaka na ajaribu mwenyewe kwa Kiswahili, lugha ambayo hawezi kusingizia kuwa haijui. Na isomwe sentensi hii: Mkurube alimgwetua mfindo gwarasini, kwa kuwa mfindo hakufyoga tangu magharibi. Sasa yaje maswali. Nani aliyemgwetua mfindo? Mkurube. Alimgwetulia wapi? Gwarasini. Kwa sababu gani? Kwa sababu mfindo hakufyoga tangu magharibi. Msomaji amepata alama zote tatu, wala hajui kama Mkurube ni mtu au mnyama, wala kama kugwetuliwa ni heri au shari. Maneno yale hayamo katika lugha yo yote. Viambishi tu ndivyo vya Kiswahili, na viambishi hivyo vimembeba msomaji toka swali la kwanza hata la mwisho. Mtoto wa kidato cha kwanza hufanya kazi hiyo hiyo kila juma, na yeye ana dhiki kubwa zaidi, maana hata sarufi ya lugha anayoulizwa hajaizoea.

Yamkini atatokea mtu aseme kuwa hili ni jambo dogo la walimu wa lugha, wala halistahili makelele. Laiti lingekuwa dogo! Tangu 1967 mtoto wa Tanzania katika shule za serikali amefundishwa masomo ya shule ya msingi kwa Kiswahili, na tangu siku ya kwanza ya sekondari hutakiwa ajifunze elimu ya viumbe, jiografia na hesabu kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari, pendekezo halikutekelezwa. Wachunguzi wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliona 1984 jinsi Kiingereza cha wanafunzi kilivyokuwa duni kwa kazi iliyokusudiwa, nao wakashauri kisiachwe bali kiimarishwe. Ndipo ukaja mradi wa msaada wa Uingereza mwaka 1987 na shehena za vitabu vyepesi vya hadithi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikatamka kuwa Kiswahili kitafundishia katika ngazi zote, na sekondari zikaendelea na Kiingereza kama jana na juzi. Mabishano yamekuwa marefu kuliko umri wa walimu wengi waliomo madarasani. Walakini wakati wazee wakibishana, mtoto yuko mbele ya kitabu, na njia moja tu ya kukisoma ndiyo aliyofundishwa: kusaka neno na kunakili.

Uchunguzi wa Hu na Nation, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba msomaji wa hadithi anahitaji kuyajua kiasi cha maneno 98 katika kila 100 ndipo aifahamu vema bila msaada, na kwamba wenye kujua maneno 80 katika 100 hapana hata mmoja aliyefikia ufahamu wa kutosha. Na ichukuliwe kurasa moja ya kitabu cha elimu ya viumbe cha kidato cha kwanza, yahesabiwe maneno ambayo mtoto aliyetoka darasa la saba hajapata kuyasikia. Yatapita mawili kabla ya kwisha mstari wa pili. Mtoto huyo hawezi kusoma. Aweza kunakili tu, na kunakili kumekwisha kupewa jina la heshima katika somo la Kiingereza. Basi anayahamisha maelezo ya usanisinuru toka kitabuni hadi daftarini, na toka daftarini hadi karatasi ya mtihani, kama mpagazi abebaye sanduku lililofungwa kwa kufuli asijue lina nini ndani.

Dawa ya ufahamu haihitaji mradi wala meli ya vitabu. Yataka swali la namna nyingine. Na tuseme kifungu kinasimulia kuwa basi liliondoka Morogoro alfajiri, na abiria mmoja akalikimbilia hali ana kiatu kimoja tu mguuni. Swali la desturi huuliza: basi liliondoka wapi? Swali la ufahamu huuliza: kiatu cha pili kiko wapi? Jibu lake halimo katika mstari wo wote. Mwanafunzi hana budi aione stendi, aone giza la alfajiri na haraka ya yule abiria, ndipo aseme kuwa labda kimemchomoka katika kukimbia, au kimesahauliwa kitandani. Awezaye kubishana na mwenzake juu ya kiatu hicho amesoma. Asiyeweza hajasoma, hata kama amenakili kifungu kizima kwa mwandiko wa kupendeza. Na kama ubishi wao wa kwanza utakuwa kwa Kiswahili, na uwe kwa Kiswahili. Kwani ufahamu u katika akili, na akili ya mtoto huyu hukaa katika Kiswahili. Akiisha kulipata jambo ndipo atafute maneno ya Kiingereza ya kulisemea, naye atayatafuta kwa hamu, maana sasa ana la kusema.

Hapa ndipo husimama watetezi wa amri ya kimya. Wao huona kuwa Kiswahili kikiingia darasani Kiingereza kitatoka kwa dirisha, na kwa hofu hiyo hupachika vibao vya makatazo ukutani na kuwaadhibu wanaoteleza. Uzoefu wa jambo hili si mgeni Afrika Mashariki. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki 2025, ameeleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, jinsi wanafunzi wa Kenya ya ukoloni waliokamatwa wakisema Kikuyu walivyopigwa au kuvishwa kibao shingoni, na jinsi kifungo kilivyopitishwa toka mkono hata mkono ili kila mtoto amfichue mwenzake. Adhabu hiyo ilifundisha upelelezi. Kwa mtoto asiye na maneno ya kutosha, amri ya kusema Kiingereza tu maana yake ni amri ya kunyamaza, na lugha gani iliyopata kufunzwa kwa kunyamaza? Wafini na Waholanzi huwasomesha watoto wao kwa lugha zao, hukifundisha Kiingereza kama somo, nao hukisema vizuri. Mwenye hofu ya Kiswahili na aeleze kwanza kwa nini Kifini hakikuwazuia.

Ukitoka katika kusoma ukaja katika kusema, hali ni ya kuchekesha kama isingekuwa ya kuhuzunisha. Mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania katika Kiingereza ni wa kuandika. Hapana mtu amsikilizaye mtahiniwa. Kenya walitaka kufanya zaidi. Katika mtihani wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4, mfumo ulioanza 1985 na ambao sasa unaelekea ukingoni, karatasi ya kwanza ya Kiingereza hutenga alama 30 kati ya 60 kwa stadi za kusema. Jambo jema! Walakini stadi hizo hupimwa kwa kalamu. Mtahiniwa huandika ni neno gani lafanana kimatamshi na lingine, huandika ni herufi ipi isiyotamkwa, hujaza maneno ya mtu mmoja katika mazungumzo yaliyochapwa, na huandika ni mwenendo gani ungefaa kwa mtu asimamaye kuhutubia. Chumba chote ki kimya, na msimamizi huhakikisha kuwa hapana anayesema. Ni kama kumpima nahodha kwa kumwamuru achore tanga.

Madhara yake si kwa mtihani tu. Kinachopimwa ndicho kifundishwacho, na mwalimu wa watoto 60 mwenye kipindi cha dakika 40 hawezi kulaumiwa sana kwa kuacha lisiloulizwa. Hata akiamua kumsikiliza kila mmoja, mgao wao ni sekunde 40 kwa mtoto, na yeye mwenyewe asiseme neno. Lakini watoto hao hao wakigawanywa wawili wawili, wakapewa dakika 20 na jambo la kujadiliana, kila mmoja atasema dakika 10. Kutakuwa na kelele, na mwalimu mkuu atachungulia. Na achungulie. Darasa la lugha lililo kimya ndilo lingepaswa kumtia wasiwasi.

Tena yako mambo ambayo kalamu haiwezi kuyafundisha hata ikitaka. Mswahili akiulizwa, hujala? hujibu, ndiyo, kwa maana kuwa aulizaye amesema kweli: hajala. Mwingereza hujibu kwa kulitazama tendo lenyewe, si kauli ya muulizaji. Kama hakula, husema la. Tofauti ni ndogo, nayo yaweza kuua. Daktari mgeni amuulizapo mgonjwa kwa Kiingereza kama hajameza dawa fulani, na mgonjwa akajibu ndiyo kwa desturi ya kwao, daktari ataandika kuwa dawa imekwisha mezwa. Wanafunzi wangapi wamepata kuambiwa jambo hili? Wamefundishwa nyakati zote za kitenzi, wakazikariri kama kasida, na jibu la swali la kukanusha hawalijui.

Au na litazamwe neno pole. Mtu akijikwaa njiani, Mswahili humwambia pole hata kama hakumsukuma yeye. Msomi akitaka kuufanya uungwana huo kwa Kiingereza hutumia neno la kuombea radhi, na Mwingereza aliyejikwaa humjibu kwa mshangao kuwa kosa si lake. Uungwana umegeuka kuwa ungamo. Kadhalika katika kuomba: Kiswahili kina naomba, kina tafadhali, kina kitenzi cha kutaka kilicholainishwa kwa kiishio chake, Kiingereza huvika ombi vazi la swali. Mwanafunzi atafsiriye neno kwa neno huonekana mwamrishaji, na mgeni hudhani amekosa adabu, kumbe adabu anayo tele ila imekwama katika lugha ya kwanza. Na asiye na shikamoo ya Kiingereza, maana haipo, hujikuta mbele ya mzee wa kigeni hajui heshima yake aiweke wapi. Mambo haya ndiyo mazungumzo ya kila siku. Hayamo katika vitabu vya mazungumzo vya kale, ambavyo humpeleka kijana wa Tabora akanunue tikiti ya treni ya London na kulalamika juu ya mvua.

Malindi, na katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, wako vijana wengi wasemao Kiitaliano, nao hawakupata kukisoma darasani hata siku moja. Walikipata kwa kuuza, kwa kuongoza wageni, kwa kukosea na kucheka na kurudia tena. Si haki kuwafanya kielelezo cha kila kitu. Mpe kijana huyo mkataba wa Kiitaliano na huenda akautia sahihi bila kujua ameuza nini. Lakini aibu inabaki pale pale. Yeye asiyefundishwa husema asichoweza kusoma, na aliyefundishwa miaka minne ya sekondari, tena mingine miwili, huja chuo kikuu hawezi kusema wala hawezi kusoma, hata vyuo vikaona lazima kuanzisha masomo ya stadi za mawasiliano ili wamfundishe mtu mzima jinsi ya kufuata mhadhara na kuandika muhtasari. Na katika masomo hayo, yakisha kuingia katika kumbi za mamia ya watu, mhadhiri husema na mwanafunzi hunakili.

Hoja ya mwisho ya wapinzani ni gharama. Husema kuwa haiwezekani kuwasikiliza watahiniwa wote wa nchi, mmoja mmoja. Hoja hii ingekuwa na uzito kama nchi hiyo hiyo isingekuwa inaendesha mitihani ya vitendo ya kemia, fizikia na elimu ya viumbe, ambayo hutaka chupa, asidi, mizani na vyura katika shule zilizo mbali na kila barabara. Alama za kazi za darasani tayari huhesabiwa pamoja na za mtihani wa taifa. Mwalimu huaminiwa kuzitoa katika maandishi, na hapana sababu iliyopata kutajwa ya kutomwamini katika kusikiliza. Dakika tano kwa kila mtoto, mara mbili kwa mwaka, wawili wawili mbele ya mwalimu wao na mwalimu wa darasa jingine, wakizungumza juu ya habari waliyoisoma juma lile. Asidi huagizwa na kusafirishwa. Masikio ya walimu yamo shuleni tangu asubuhi.